Nafasi Iliyobaki Kwenye Ubao

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na mashine imefika, vyote siku moja. Mashuka yaliyoanikwa Jumamosi bado yanachuruzika uani. Hospitali inadai yake, hoteli inadai yake, na Meneja ameshinda akizunguka kati ya kamba akiyapapasa moja moja. Saa nne gari likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, wanaume sita wakashusha mashine mpya ya kupiga pasi. Ina rola moja nene kuliko kiuno changu, na kiuno changu si haba. Chini, sakafuni, kuna bamba refu la chuma. Ukilikanyaga, rola inazunguka na kumeza shuka. Ukiondoa mguu inasimama. Mikono yote miwili inabaki huru kunyoosha kitambaa. Tulipiga makofi.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu. Meneja akakishika kwa ncha za vidole. "Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji," akasema. "Kamusi yuko wapi?"

Kamusi ndiye mimi. Ni karani wa kiwanda hiki cha kufulia, mwaka wa tisa sasa. Jina nilipewa siku nilipokuja kuomba kazi, nikasoma maandishi ya pipa la sabuni kwa sauti bila kukwama hata mara moja. Hakuna aliyejua kwamba kwetu tulikuwa na pipa kama hilo la kuwekea maji, na maandishi yake nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni. Shule niliishia kidato cha pili. Kwenye fomu niliandika cha nne, na mkono haukutetemeka.

"Mpeni Kamusi!" wifi yangu akapaza sauti kutoka kwenye masinki. "Huyo atawatafsiria hata kikohozi!" Watu wakaangua kicheko.

Wifi ni mdogo wake mume wangu. Anaishi kwetu, chumba cha uani. Kazi hapa nilimwombea mimi, alikuwa kibarua miaka mitatu na mwaka huu ndio ameajiriwa. Hajawahi kunishukuru bila kutia utani ndani yake, na sabuni yangu ya kuogea anaimaliza yeye. Daftari hili nimelinunua ili haya niwe nayasema mahali.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafsiri siku nzima. Yatakayochukuliwa ni maelekezo kumi, ya kuandikwa kwenye ubao utakaotundikwa juu ya mashine.

Tisa yamekwenda vizuri. La kumi limenikwamisha. Kitabu kinasema: "To reach the far side, step over the plate. Do not step onto the plate." Sentensi ya kwanza nikaiandika: Ukienda upande wa pili, pita juu ya bamba. Ya pili nikaanza: Usipite juu ya... nikasimama. Nikachukua kamusi ya kweli, ile yangu iliyochanika jalada. "Over": juu ya. "Onto": juu ya. Nikaangalia na "on", nikaangalia na "above". Juu ya, juu ya. Sasa mtu apite juu ya bamba, halafu asipite juu ya bamba? Huyu aliyeandika kitabu alikuwa anasinzia?

Shule iko mtaa wa pili, na mwalimu wa Kiingereza namfahamu, mkewe huleta mapazia yake kwetu. Ni dakika kumi kwa miguu. Nikajiona nimesimama mlangoni kwake nimelowa, Kamusi mzima, nimeshindwa na neno la herufi nne. Angemsimulia mkewe jioni hiyohiyo, na mkewe hana breki ya mdomo.

Sikwenda. Sentensi ya pili nimeiacha. Nadhani ilikuwa inairudia ya kwanza tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ni fundi rangi, kwa hiyo ubao ameuandika yeye, barazani, mvua ikimpigia miguu. Ana mwandiko ambao ukiuona unataka kutii. Alipomaliza la kumi akarudi nyuma akautazama.

"Maneno yameisha? Mbona hapa chini pamebaki mstari mzima?"

"Yameisha."

"Niweke nini?"

Nikamwambia achore chochote. Amechora pasi, na moshi wake unapanda kwa mapindo mazuri.

Ijumaa, 7 Machi

Ubao umetundikwa. Meneja amesoma kwa sauti kuanzia la kwanza hadi la kumi, akasema hata asiyejua kusoma ataelewa. Nimepigiwa makofi mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya pasi. Nilifurahi mno. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Sabuni imekwisha tena. Nimemwambia wifi, kanijibu kwamba wasomi hawaogi sana, wanasoma tu.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia saa tano.

Mama Mikunjo ndiye mkubwa wetu pale kiwandani. Shuka la kitanda kipana analikunja peke yake, pembe moja ameibana kwa kidevu, na ukilifungua hukuti hata kunyanzi. Sote alitufundisha yeye, hata Meneja anamwamkia. Leo alikuwa kwenye rola na wifi. Shuka likajikunja ndani. Mama Mikunjo akaondoa mguu, rola ikasimama, akaingiza mikono kulivuta. Halikutoka. Akamwambia wifi, "Mwanangu, hebu zunguka kule nyuma ulivutie huko."

Kati ya mashine na ukuta pana nafasi ya mtu mmoja, na bamba linafika hadi hapo. Wifi akapita kama mtu anavyopita mahali. Mguu wa kulia ukatua juu ya bamba, wa kushoto ukaenda upande wa pili. Ilikuwa hatua moja tu.

Mimi nilikuwa ofisini. Nilisikia sauti nikadhani ni mkanda wa mashine umekatika.

Nilipofika mlangoni walikuwa wameshamtoa. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa taulo la hoteli, na taulo lilikuwa jeupe upande mmoja tu. Mama Mikunjo hakulia. Alikuwa anarudia, "Vidole vyangu viko? Niambieni, viko?" Wifi alikuwa amekaa chini kwenye maji, anamwambia kila aliyepita mbele yake, "Nimepita juu yake. Ubao umesema pita juu yake. Nimepita juu yake."

Nikauangalia ubao. Nikaiangalia pasi ya mume wangu na moshi wake. Nikaenda chooni nikajifungia, nikakaa humo hadi gari la wagonjwa lilipoondoka. Sikumshika mkono Mama Mikunjo wala sikumwinua wifi kutoka kwenye maji.

Ijumaa, 21 Machi

Meneja ametukusanya mbele ya mashine.

"Ubao unasema upite juu ya bamba," akamwambia wifi. "Umeambiwa ulikanyage?"

"Sasa nitapitaje juu yake nisilikanyage?"

"Unavuka! Unanyanyua mguu! Ndege ikipita juu ya nyumba, inakanyaga paa?"

"Na mimi nikipita juu ya daraja?" wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya masinki. "Nikipita juu ya daraja, bosi, naruka?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema kweli bwana, darajani mtu anakanyaga. Mwingine akasema daraja ni daraja na bamba ni bamba. Wakaanza kubishana kuhusu Kiswahili, na ningetamani wabishane hadi usiku ili wasinigeukie. Lakini Meneja akanigeukia.

"Kamusi, wewe ndiye unayejua. Kitabu kinasemaje?"

Kitabu kilikuwa kwenye droo yangu, hatua ishirini. Watu wote walinitazama. Wifi alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anayejua kwamba wa kwake amesimama upande wake.

Nikasema, "Kinasema hivyohivyo."

"Basi kosa ni la mtu," Meneja akasema, "si la ubao."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Kidole cha kati cha Mama Mikunjo kimekatwa pingili mbili. Vingine vitapona, ila daktari amesema havitakunja tena. Havitakunja! Ndiyo, nimelisikia neno hilo kama alivyolisikia yeye.

Wifi amesimamishwa kazi. Kikao cha kuamua ni tarehe 17 Aprili. Akionekana ana kosa la uzembe atafukuzwa, na kwenye barua yake wataandika kwamba alimlemaza mwenzake. Kwa barua hiyo hataajiriwa hata kupanguza sakafu.

Kitabu nimekitoa kwenye droo. Kiko chini ya godoro, upande wangu.

Jumatatu, 31 Machi

Sabuni yangu ya kuogea ina wiki nzima haijapungua. Kumbe anaogea kipande cha kufulia nguo. Nimemwambia, "Wifi, tumia hii," akasema, "Hapana, wifi, ni yako." Hakutia utani hata chembe. Ningempa pipa zima ili anitukane.

Jumatano, 2 Aprili

Kila asubuhi wifi anakwenda kwa Mama Mikunjo, mvua au jua, na jua lenyewe hakuna. Anamfulia, anampikia, anamfunga vifungo vya nguo. Mume wangu kamwambia apumzike angalau siku moja. Kamjibu, "Kaka, mguu wangu ndio uliofanya."

Miaka mitano nimeishi na huyu mtu nikamhesabu kuwa mdomo mtupu. Nilikuwa simjui.

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimekosa hata kile kijisababu nilichokuwa nimekishikilia.

Tulikuwa mezani, sisi watatu, samaki katikati. Paka wetu alikuwa kwenye kiti kile cha pembeni. Ghafla kitu cheupe kikapita mbele ya macho.

"We! Paka karukia meza!" mume wangu akapiga kelele na kijiko.

"Hajairukia," wifi akasema, bila kuinua uso. "Kairuka. Si yule yuko dirishani? Samaki wenu mzima."

Wakaendelea kula. Mimi tonge lilinikwama. Karukia meza, kairuka meza. Ukirukia meza unatua mezani. Ukiruka meza unatua kwingine, na meza hukuigusa. Mtoto wa miaka mitatu anajua tofauti hiyo, na paka naye anaijua. Hayo ndiyo maneno mawili ya kitabu! Mwingereza anaweka kineno chake nyuma ya kitendo, "over" huyu asiyegusa, "onto" huyu anayetua. Sisi hatuna haja ya kineno. Tunakitia ndani ya kitendo chenyewe. Ruka na rukia. Kaa na kalia. Anguka na angukia. Na kama ni mguu tunalo kanyaga, neno moja lenye unyayo ndani yake. Mimi nilikwenda kutafuta kineno kwenye kamusi, kamusi ikanipa "juu ya" mara nne, nikaamini kwamba kitabu ndicho kilichokosea. Kiswahili nilichonyonya kwa mama yangu sikukiuliza hata kidogo.

Ruka bamba. Usilikanyage. Mstari mmoja, ungeingia vizuri palipochorwa pasi.

Mpaka leo asubuhi nilikuwa najiambia, labda kitabu kilikuwa kinajirudia, labda. Sasa najua. Aliyekosea ni mimi, aliyeficha ni mimi, na anayeogea sabuni ya kufulia ni mtu mwingine. Wifi kaniuliza, "Mbona huli, wifi? Mwiba?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanimenyea ndizi nisukumie.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Mikunjo kusema. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza njia nzima.

Nilimkuta amekaa kitandani na kitambaa cha mezani, anajaribu kukikunja kwa mkono wa kushoto, kidevu kikisaidia. Pembe zilikataa kukutana. Alipoona nimeona akakificha chini ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kamusi wangu. Kaa." Akanitazama akatabasamu. "Nilikuwa namwambia wifi yako jana, tungekuwa wapi bila wewe? Wewe ndiye uliyetuandikia mambo ya wazungu tukayaelewa. Usimchukie mtoto yule. Kichwa chake chepesi tu, roho yake haina kitu."

Nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama amekunywa dawa.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijasema.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijasema. Mvua imebomoa ukuta wa choo cha jirani, tumeshinda kuokota matofali. Nilifurahi kuwa na kitu cha kubeba.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo ndiyo siku mbaya kuliko ile ya tarehe 20, na hakuna aliyeumia.

Wifi kaja jikoni na karatasi na kalamu. Kasimama mlangoni, mtu ambaye hajawahi kubisha hodi kwenye jiko langu.

"Wifi, naomba unisaidie. Wewe una maneno. Niandikie barua ya kuomba radhi, nikaisome siku ya kikao. Mimi nikianza kusema nitalia, au nitaanza yale mambo ya daraja, waone najitetea."

"Daraja lilikuwa hoja nzuri," nikasema.

"Nilikuwa nabisha tu. Kama kitabu kinasema hivyo na nyote mlielewa isipokuwa mimi, basi mjinga ni mimi. Niandikie."

Nikakaa. Nikaandika. Mkono huuhuu uliojaza fomu kidato cha nne. "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba sikuzingatia maelekezo yaliyokuwa wazi ubaoni." Wifi akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Umeandika vizuri, wifi. Inaniuma kabisa," akanibusu shavuni, akaenda kuikariri uani.

Uso niuweke wapi? Kwenye kioo cha bafuni sijautazama tangu saa hiyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudi saa kumi. Ninaandika kila kitu, hata kama mkono unauma.

Asubuhi nilitoa kitabu chini ya godoro nikakiweka ndani ya mkoba, chini ya mwavuli. Hata hapo sikuwa nimeamua. Nakiri. Nilijiambia nakibeba tu.

Kikao kilikuwa chumba cha kukunjia. Meneja alikaa mezani, wafanyakazi wote tulikaa juu ya vifurushi vya mashuka, Mama Mikunjo wakampa kiti chenye mgongo. Mkono wake ulikuwa na bandeji nyembamba sasa, na umbo lake linaonekana. Mume wangu alikuja kama kaka, akasimama karibu na mlango na kofia mkononi. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo kila mtu alilazimika kusema kwa nguvu.

Meneja akasoma tarehe na saa. Akasema kitabu kilishathibitishwa na karani, kwa hiyo hilo halina mjadala. Akamwambia wifi asimame.

Wifi akasimama. Amesuka nywele upya, kavaa blauzi yangu niliyompa. Alishika karatasi kwa mikono miwili, na sauti ilitoka. "Mimi niliyetajwa hapo juu," akasoma, "nakiri kwamba sikuzingatia maelekezo yaliyokuwa wazi..."

"Hayakuwa wazi," nikasema.

Mvua ikanimeza. Wifi akaendelea, "...yaliyokuwa wazi ubaoni..."

Nikasimama. "Wifi, acha. Acha kusoma. Hayakuwa wazi, na hayo maneno si yako, ni yangu."

Meneja akanitazama juu ya miwani. "Kamusi, kaa chini, zamu yako haijafika."

"Nikikaa sitasimama tena, bosi."

Nikatoa kitabu. Ukurasa ulijifungua wenyewe kwa jinsi nilivyouzoea. Nikasoma kwa Kiingereza, sentensi zote mbili, polepole. Kisha nikasema kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili bati lisinimeze tena: "Ukienda upande wa pili, ruka bamba. Usilikanyage."

Mama Mikunjo akainama mbele kitini.

"Soma tena."

"Ruka bamba. Usilikanyage."

"Hilo usilikanyage limo humo?"

"Limo, mama."

"Siku zote limo?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliona maneno mawili sikuyajua tofauti yake. Niliona haya kuuliza. Nikaandika moja, vibaya, na la pili nikaliacha. Na bosi aliponiuliza nikadanganya. Na shule niliishia kidato cha pili."

Hilo la mwisho hakuna aliyekuwa ameniuliza. Lilitoka tu pamoja na mengine.

Mama Mikunjo akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama upande wa pili. "Lingeingia wapi?" akauliza. "Ubao ulikuwa umejaa?"

"Palikuwa na nafasi," mume wangu akasema kutoka mlangoni. Sauti yake sikuitambua. "Nilichora pasi."

Nilimgeukia wifi. Nilitegemea anipige, anitukane, kelele zile za masinki. Alikuwa anaikunja ile barua, pembe kwa pembe, vizuri, kama alivyofundishwa. Alipomaliza akanishikisha mkononi.

"Wiki nne," akasema. "Wiki nne unanitazama naamka alfajiri. Na Jumatatu nikaja kukupigia hodi."

Akavua blauzi yangu. Ndani alikuwa na fulana. Akaiweka juu ya kifurushi, akatoka kwenye mvua.

Meneja amemrudisha kazini, na barua haitaandikwa. Mimi nimetolewa ofisini. Kuanzia Jumatatu nitakuwa kwenye rola. "Ukajifunze bamba ni nini," kasema. Ni haki, na haitoshi.

Ijumaa, 18 Aprili

Wifi amehamia kwa Mama Mikunjo. Kaka yake ndiye aliyembebea begi. Aliporudi nilimwambia, "Sema chochote." Akasema, "Nilikuuliza niweke nini." Akaenda kuosha brashi zilizokuwa safi.

Jumapili, 20 Aprili

Mume wangu amechukua ubao kiwandani, ameuparua wote na kuanza upya. La kumi limeandikwa kwa rangi nyekundu, RUKA BAMBA. USILIKANYAGE. Nafasi imebaki tena, kubwa zaidi. Hakuchora kitu.

Jumatatu, 21 Aprili

Siku ya kwanza kwenye rola. Nimepangwa na wifi. Sijui kama Meneja alikusudia.

Shuka likitoka, mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine mbili kule, mnanyoosha, halafu mnaendeana mpaka mikono inakutana na mmoja anampa mwenzake pembe zake. Mashuka mia na kumi leo. Mara mia na kumi tumekutana uso kwa uso. Hakunitazama hata mara moja. Vidole vyake vinachukua pembe bila kugusa vyangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mashuka tisini na sita. Watu hawaniiti Kamusi tena. Hawaniiti chochote.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imepungua. Mama Mikunjo amerudi, amekalishwa kiti karibu na dirisha kukagua mikunjo. Langu la kwanza akalifungua, akalirudisha. La pili, akalirudisha. La tatu akaliweka kwenye rundo. Nilimwambia, "Nisamehe, mama." Akasema, "Hilo bado. Lete la nne."

Jumatano, 7 Mei

Mume wangu ameanza kunijibu sentensi nzima. Sabuni haijapungua. Nimenunua nyingine, nimeiweka chumba cha uani, kwenye kitanda kitupu. Ujinga mtupu, najua.

Jumatatu, 12 Mei

Jua, saa mbili nzima. Tumeanika nje kwa mara ya kwanza tangu Machi. Kinga ya kufunika bamba imeagizwa, wanasema itafika mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 16 Mei

Leo saa nane shuka la hospitali lilijikunja ndani ya rola. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye bamba. Nikaondoa mguu, rola ikasimama, wifi akaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko kulivuta. Halikutoka. Kazi ya kuzunguka nyuma ilikuwa yangu.

Nimelivuka bamba hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote, wiki nne, na kila mara nimenyanyua mguu kama navuka mtaro. Lakini mtu huchoka. Nilikuwa nawaza ile sabuni, nawaza kama vumbi limeiingia. Nikaanza kupita kama mtu anavyopita mahali. Mguu wa kulia ulikuwa hewani tayari, unashuka.

"Ruka, wifi."

Hakupiga kelele, na uso hakuuinua. Ni sauti ileile aliyosemea habari ya paka. Mguu wangu ukaganda juu ya bamba, haujaligusa. Tangu tarehe 17 hajanisemesha. Hilo neno la pili lilikuwa la kuniita mimi.

Niliangalia mikono yake. Bado ilikuwa ndani, yote miwili, chini ya rola. Alikuwa ameuona mguu wangu, na hakuitoa.

Nikaruka.